Kufundisha Mtaa Kujiandaa na Kimbunga kwa Kutumia Simu: Mwongozo Kamili kwa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam amezoea kukichukulia kimbunga kuwa habari ya majirani. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira. Aprili ya mwaka huohuo Kenneth kikatua kaskazini mwa Msumbiji baada ya wakazi wa mabondeni mkoani Mtwara kutakiwa kuhama. Na Aprili 2021 Jobo kikaja kikielekea kwetu, kisha kikafifia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikaingia Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na mvua zilizoambatana nacho zikaikata barabara ya Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa. Kumbukumbu za pwani ni ndefu zaidi ya hapo: Zanzibar ilipigwa vibaya tarehe 15 Aprili 1872, na Lindi tarehe 15 Aprili 1952.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) au kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu anayetaka kutumia simu zilizopo mifukoni mwa watu kuwafundisha kujiandaa. Nianze na ushauri ambao wafadhili hawaupendi: usitengeneze programu mpya ya simu. Wadau wengi wakipata fedha kidogo hukimbilia kutengeneza aplikesheni yenye nembo zao, ikazinduliwa kwa keki na fulana, na baada ya mwaka mmoja haifunguki tena kwa sababu hakuna anayelipia matengenezo. Kazi ya mtaa hufanyika vizuri zaidi kwa programu ambazo watu tayari wanazo au wanaweza kurushiana bure, zikiwa mikononi mwa mtu wanayemwamini.

Hatua ya kwanza: Ielewe hatari yenyewe kabla ya kugusa simu

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya inatukumbusha kwamba Mei nayo haiko salama. Programu nyingi za vimbunga zinazopatikana Play Store zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Humo msimu unatajwa kuwa Juni hadi Novemba, kimbunga kinapewa daraja la 1 hadi la 5, na tahadhari zinahusu maeneo ya huko tu. Zina mafunzo mazuri kuhusu vifaa vya dharura, lakini anayeitegemea programu ya FEMA, shirika la Marekani la kushughulikia maafa, kumwonya akiwa Kunduchi atasubiri sana. Hapa kwetu mwenye jukumu la kisheria la kutoa tahadhari ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ambayo hutumia ngazi za angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Ngazi hizo tatu ndizo za kufundisha, kwa sababu ndizo watu watakazozisikia redioni.

Kimbunga huja na upepo, mvua na bahari, na kila kimoja kinamgusa mtu tofauti. Upepo ni tatizo la mwenye paa la mabati lililopigiliwa kwa haraka. Mvua ni tatizo la Jangwani, Kigogo, Mkwajuni na kila aliyejenga kando ya Msimbazi, na hapo huhitaji kuwashawishi watu sana, kwa sababu wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Bahari ni tatizo la Feri, Kigamboni, Kunduchi na Mbweni, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kimbunga husukuma maji ya bahari kuelekea nchi kavu, na uzito wa jambo hilo unategemea saa kitakayofika. Katika pwani yetu bamvua (maji makubwa ya bahari) hupandisha maji zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Kimbunga kikifika maji yakiwa yamejaa wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yatafika mahali ambapo kimbunga hichohicho kisingefika wakati wa maji mafu. Mvuvi mzee anaijua hesabu hiyo kuliko programu yoyote, kwa hiyo mwite awe mwalimu mwenzako.

Jambo jingine la lazima ni jicho la kimbunga. Jicho likipita juu ya eneo, upepo hutulia ghafla, watu hutoka nje kuokota mabati yao, kisha upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Somo hili moja, likieleweka, linaokoa maisha.

Hatua ya pili: Jua simu zilizopo mtaani

Kabla ya kuchagua programu, pita nyumba kadhaa za kila shina pamoja na mjumbe, ukiuliza mambo machache: nyumba hii ina simu janja ngapi, ina vitochi (simu ndogo za vitufe) vingapi, nani hushinda na simu mchana, na bando hununuliwa la siku au la wiki. Usishangae kukuta kwamba simu janja pekee ya nyumba huondoka asubuhi na baba anayeendesha bajaji na kurudi usiku, huku bibi na watoto wakibaki na kitochi. Maana yake ni kwamba mafunzo yaliyo kwenye simu janja peke yake yatawaacha nje walewale watakaokuwa nyumbani upepo ukianza.

Hatua ya tatu: Chagua programu chache, na uzipime bila bando

Kipimo changu ni kimoja na ni kigumu: zima data, kisha fungua programu. Isipofunguka au ikionyesha ukurasa mweupe, haifai kuwa msingi wa mafunzo, kwa sababu siku ya tukio umeme utakatika, na minara ya simu huishi kwa betri za akiba kwa saa kadhaa tu. Baada ya hapo angalia ukubwa wake, maana simu nyingi za mtaani zimejaa picha hadi hazipokei kitu kipya.

Kwa mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam, orodha fupi inatosha. WhatsApp ni ya kusambazia masomo na taarifa. OsmAnd au Organic Maps ni ya ramani inayofanya kazi bila intaneti. KoboCollect ni ya kuandikisha kaya na kutathmini madhara, na nayo hujazwa bila mtandao kisha ikatuma fomu mtandao unaporudi. Xender au Bluetooth ni ya kurushiana programu, video na sauti bila kula bando. Kwa wenye vitochi, tumia ujumbe mfupi wa maneno, redio ya FM iliyomo ndani ya simu na memori kadi. Wakumbushe kwamba vitochi vingi havishiki redio bila waya wa spika za masikioni, kwa hiyo waya huo uingie kwenye begi la dharura.

Hatua ya nne: Tengeneza ramani ya mtaa na uitembee

Hapa ndipo Dar es Salaam ina bahati kuliko miji mingi. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe kuchora kata zilizo katika hatari ya mafuriko, na kazi yao imo ndani ya OpenStreetMap. Ukipakua ramani ya Tanzania kwenye OsmAnd au Organic Maps, utakuta vichochoro na mifereji ya maeneo kama Tandale ambayo ramani nyingine huionyesha kama doa la kijivu. Ipakue mara moja mahali penye WiFi, kisha uwarushie wengine.

Kaa na wazee, wavuvi na madereva wa bodaboda, mkiweka alama za aina tatu: maji yalipofika mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka, mahali pa kukimbilia, na mahali ambapo njia hufungwa mapema. Alama zihifadhiwe kwenye faili moja ambalo kila kiongozi wa shina atarushiwa. Kisha funga viatu mzitembee njia zote, kwa kuwa kivuko kilichomo kwenye ramani huenda kilibebwa na maji, na uchochoro uliokuwa wazi huenda sasa una ukuta na geti.

Mahali pa kukimbilia pasichaguliwe kwa macho tu. Mkifika kwenye shule ya msingi iliyo juu, ulizeni maswali ya kichokozi. Ufunguo wa madarasa hukaa kwa nani saa nane usiku? Paa lake lina kenchi imara? Vyoo vinatosha kwa familia ngapi? Mwalimu mkuu anajua kwamba mmeliweka jengo lake kwenye ramani yenu? Majibu yaandikwe kwenye maelezo ya alama yenyewe, jina la cheo cha mwenye ufunguo likiwemo, ili anayeifungua ramani usiku asilazimike kumpigia mtu simu isiyopatikana. Alama yenye maneno «Shule, darasa la tatu na la nne, ufunguo kwa mlinzi wa geti la nyuma» ina thamani kuliko bango zima la rangi.

Hatua ya tano: Andikisha watakaohitaji msaada

Kwenye KoboToolbox, tovuti ya kuundia fomu zinazojazwa kwa KoboCollect, tengeneza fomu fupi ya Kiswahili. Maswali yasizidi kumi, na yaliyo muhimu zaidi ni haya: je, nyumba hii ina mtu asiyeweza kutembea mwenyewe, mjamzito, mtoto mchanga, asiyesikia au asiyeona? Jirani gani amekubali kumsaidia kuondoka? Kuna anayetumia dawa za kila siku? Swali la jirani ndilo linalogeuza fomu kuwa mpango, na jirani huyo aulizwe yeye mwenyewe, asitajwe tu.

Tahadhari moja haina mjadala. Orodha hiyo ina taarifa za afya na makazi ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uombe ridhaa, ueleze matumizi yake na uitunze. Isiwekwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp. Ibaki kwa mtendaji na kamati ya maafa ya mtaa, nakala moja ikichapwa kwenye karatasi na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Hatua ya sita: Andaa masomo ya sauti

Video hupendwa, lakini sauti ndiyo inayofika mbali. Ujumbe wa sauti wa chini ya dakika moja na nusu hula bando kidogo, husikilizwa na asiyesoma, na ukigeuzwa kuwa MP3 huingia kwenye memori kadi ya kitochi, redio ya bajaji au sabufa ya kinyozi. Rekodi ndani ya chumba chenye mapazia na nguo nyingi, feni ikiwa imezimwa, simu ikiwa upana wa kiganja kutoka mdomoni. Tumia sauti inayojulikana mtaani, ya mwalimu wa madrasa, mama wa kikoba au nahodha, na somo moja libebe jambo moja tu la kutenda. Mfano:

«Ndugu zangu, hili ni somo la tatu, na leo tunazungumzia mabati. Jua likiwepo, kagua misumari ya kofia kwenye kingo zote za paa, pande zote nne, kwa sababu upepo wa kimbunga hugeuka. Msumari uliolegea ugongelee au uubadilishe. Usiweke mawe wala matairi juu ya bati kuzuia upepo. Bati likinyanyuka, jiwe litashukia kwa jirani. Kama huna mtu wa kupanda, mwambie mjumbe wako kabla ya Jumapili. Ukimaliza, tutumie picha ya ukingo wa paa lako.»

Angalia kwamba hakuna historia, hakuna takwimu wala salamu ndefu, na kwamba mwisho wake unamtaka msikilizaji arudishe kitu. Picha zinazorudi ndizo zitakazokuonyesha nani ametenda na nani amesikiliza tu. Kwa namna hiyohiyo tengeneza somo la maji ya akiba kwenye madumu ya lita 20, la kupiga picha kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki na hati za nyumba na kuvifunga vyenyewe kwenye nailoni, la kuzima swichi kuu ya umeme na kufunga mtungi wa gesi, la kuvuta ngarawa juu kupita alama ya bamvua, na la jicho la kimbunga. Somo moja kwa wiki, kuanzia Oktoba, linatosha.

Hatua ya saba: Fundisha ana kwa ana, simu ikiwa mikononi mwa mwanafunzi

Usiitishe mkutano wa kimbunga, kwa sababu watakaokuja ni walewale wanaokuja kwenye kila mkutano. Omba dakika 20 ndani ya kikao cha kikoba, baada ya swala, baada ya ibada, kwenye kijiwe cha bodaboda au mnadani Feri mauzo yakipungua. Watu watatu kwa simu moja ni kipimo kizuri, kwa kuwa wakizidi hapo wa nyuma haoni. Kijana anayewafundisha wakubwa zake aanze kwa shikamoo, aulize wameona nini katika maisha yao, na asiwanyang'anye simu kuwaonyesha haraka. Bibi akibonyeza mwenyewe, hata akikosea mara tatu, atakumbuka. Kijana akimbonyezea, atasema «ahsante mjukuu wangu» na simu itarudi kwenye mkoba bila alichojifunza.

Kipindi kiwe na kazi tatu tu: kusikiliza somo moja la sauti, kuitafuta kwenye ramani njia ya kutoka nyumbani hadi mahali salama, na kuhifadhi namba za dharura, ambazo ni 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ya mjumbe wa shina.

Hatua ya nane: Dhibiti uvumi kabla haujazaliwa

Makundi sogozi yatakusaidia au yatakuangusha. Kundi la tahadhari liwe tofauti na kundi la soga, na liwekwe katika mpangilio unaowaruhusu wasimamizi pekee kutuma. Wafundishe wanachama kuitambua alama ya mishale miwili, inayoonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mingi, na wazoee kuuliza maswali mawili: taarifa hii ya TMA ilitolewa saa ngapi, na inaisha lini? Taarifa ya jana asubuhi si ya kusambazwa leo jioni, hata kama ni ya kweli.

Programu kama Windy huonyesha mizunguko ya rangi nzuri siku kumi mbele, na kila msimu kuna anayepiga picha ya skrini na kuandika kwamba kimbunga kinakuja Jumanne. Picha hiyo ni hesabu ya kompyuta inayobadilika kila inapokokotolewa upya, na Sheria ya TMA ya mwaka 2019 haimruhusu kila mtu kutoa tahadhari za hali ya hewa. Wasimamizi wasambaze taarifa ya TMA kama ilivyo, bila kuongeza chumvi.

Ugumu mkubwa zaidi huja baada ya tahadhari ambayo haikutimia. Baada ya Jobo wapo walioona wamesumbuliwa bure. Lizungumze jambo hili waziwazi mwanzoni mwa mafunzo: kimbunga hukata kona, hupungua nguvu kikikutana na upepo kinzani au nchi kavu, na mtabiri huonya kwa kile kinachoweza kutokea. Mtu aliyeandaliwa hivyo hatacheka akikuona mara ya pili.

Hatua ya tisa: Fanya zoezi, data ikiwa imezimwa

Mara moja kabla ya Desemba, chagueni Jumamosi ambayo maji ya bahari yanajaa mchana, mtume ujumbe mmoja kwenye kundi wenye maneno «HILI NI ZOEZI» mwanzoni na mwishoni, kisha wote wazime data. Viongozi wa mashina wafuate ramani zilizohifadhiwa, majirani waende kwa waliowaahidi, na anayeshika ufunguo wa shule afike kuufungua. Mtu mmoja apime muda. Penye kukwama paandikwe palepale kwenye fomu, kwani kufikia jioni kila mtu atakuwa amesahau lango lililokuwa na kufuli.

Siku ya tahadhari yenyewe

Angalizo likitoka, kila mtu achaji simu na pawabenki, anunue vocha, apakue ramani kama aliifuta, na ngarawa zivutwe. Tahadhari ikitoka, wasimamizi watume masomo ya sauti yaleyale ambayo watu wameshayasikia, wasibuni mapya. Wavuvi wasitoke, na wenye watu wasiotembea waanze kuondoka kungali mapema. Tahadhari kubwa ikitoka, wa mabondeni na wa ufukweni wawe wameshahama. Kutoka hapo simu zipunguzwe mwanga wa kioo, data izimwe, na mawasiliano yawe ya ujumbe mfupi wa maneno, ambao hupenya hata laini zikilemewa na watu wanaopiga. Msikiti na kanisa wasome ujumbe uleule kwa vipaza sauti, neno kwa neno, ili asiye na simu asipate toleo tofauti.

Baada ya kupita

Usiwaruhusu watu kurudi kwa sababu tu kumetulia. Subirini taarifa ya TMA. Waya uliolala chini au ndani ya maji usiguswe na mtu yeyote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwani kipindupindu hufuata mafuriko. Timu ya KoboCollect ipite na fomu ya pili yenye picha ya madhara, mahali yalipotokea na mahitaji ya haraka, ikianza na nyumba za orodha ya hatua ya tano, na matokeo yapelekwe kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo, ili yaingie kwenye kamati ya maafa ya wilaya kabla misaada haijagawiwa kwa kubahatisha.

Ifikapo Septemba, fungueni upya orodha na ramani: waliohama waondolewe, wapangaji wapya waingizwe, namba zilizobadilika zisahihishwe, na alama ya mwenye ufunguo wa shule ithibitishwe kwa kwenda kumwona.